Magunia ya Chunya

Skola mjukuu wangu, marahaba. Hapa Kasense hatujambo. Bibi yako anapepeta ulezi.

Unauliza mashine ya dhahabu kule Chunya ilifanyaje kazi. Ilielea mtoni, ikichota mchanga kwa mnyororo wa ndoo na kuumwaga juu ya magunia yaliyotandikwa. Maji yaliondoka na mchanga. Dhahabu, kwa uzito wake, ilinasa kwenye nyuzi.

Siku ya kwanza nilitumwa kukusanya magunia. Mimi, mtoto wa wakulima, nikayakung'utia mtoni kama ya ulezi, yawe safi! Msimamizi alipopiga kelele nilijua nimefukuzwa. Kumbe aliketi, akanionyesha chembe moja iliyobaki kwenye uzi.

"Inayong'ang'ania ndiyo yetu," akasema.

Mpaka leo bibi yako akikung'uta gunia, nashtuka. Hucheka: "Mzee, hayo ni makapi tu."

Bado huwa nachungulia.

Babu yako