Chumba Ambacho Hamkukipima

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua nikichuchumaa kufua. Wewe je? Unakula? Usinijibu "ndiyo mama" halafu kumbe unashindia chai. Samahani kwa mwandiko, mistari yangu inapanda mlima yenyewe.

Wapangaji wangu wote nimewaambia unasomea shahada ya pili ya biashara, upande wa majumba na viwanja. Fundi cherehani wa chumba cha mbele akacheka: "Yaani mwanao anakwenda chuo kikuu kusomea kupangisha vyumba? Si angekuuliza wewe?" Nikamwambia ashone, aache maneno. Lakini moyoni nilijisikia.

Utakuja lini? Tangu uanze masomo hujakanyaga hapa.

Mama yako

21 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Jana nilikuona. Najua nawe uliniona. Mliposhuka kwenye basi la chuo kuja kuipima nyumba yangu kwa mafunzo, nilikutambua kwa mwendo kabla ya sura. Nilikuwa na povu hadi viwikoni, nguo zimeanikwa mpaka mlangoni. Mwalimu wenu akasema, "Mama, tusaidie kushika tepu hapa ukutani." Nikashika. Upande wa pili ulishika wewe. Ukasoma namba, ukaniambia "asante mama," kama unavyomwambia mama wa mtu mwingine.

Sikulaumu. Ningejua mnakuja ningevaa lile gauni la bluu, na ua ningelifagia. Labda hata wewe hukujua.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mama yako

14 Aprili

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepata nafuu. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Kweli sikujua. Nilijua basi lilipokata kona pale kwa muuza mkaa, na wenzangu nilishawaambia kwetu ni ghorofani. Mwalimu aliposema cha maana pale ni kiwanja tu, nyumba yenyewe ni ya kubomoa, niliitikia kwa kichwa. Nyumba hiyohiyo ndiyo inayonisomesha, mama.

Sijui nije kwa uso gani. Niruhusu nije usiku, wapangaji wakishalala.

Mwanao

22 Aprili

Kifungua mimba wangu,

Salamu. Goti liko vilevile, tumeshazoeana.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hilo la kubomoa nililisikia siku ileile, mwalimu wenu hana sauti ndogo. Liliniuma, sitakuficha.

Ila kuna jambo sikukuandikia. Mlipoondoka, fundi cherehani alinifuata kwenye beseni. "Yule binti wa tepu si ndiye yule wa kwenye picha yako?" Nikamwambia hapana, wanafanana tu, wangu ni mwembamba zaidi. Sijui maneno yale yalitokea wapi. Akaniangalia, akarudi kwenye cherehani yake. Tangu siku hiyo hanitanii tena. Anasalimia, anainama, anashona. Bora angenicheka.

Na mlango wa chumba changu niliufunga mara tu ulipotia mguu uani, kwa sababu picha yako ya joho iko ukutani na wenzako wangeiona. Ndiyo maana hamkukipima. Kwa hiyo wewe ulinikana kwa kunyamaza, na mimi nikakukana kwa mdomo wangu mwenyewe. Usijione peke yako.

Usiku usije. Wewe si mwizi. Njoo Jumamosi mchana, fundi akiwa mlangoni pake. Nitakuwa nafua, na gauni la bluu sitavaa. Uniite mama tangu barabarani, kwa sauti ya kusikika, nami nitamwambia fundi kwamba nilimdanganya. Utaona aibu, nami nitaona aibu. Basi tutaiona pamoja, halafu tutakula.

Tepu uje nayo, chumba changu bado hakijapimwa. Nitashika upande wangu, ushike wako.

Mama yako