Kikohozi Nilichokukoholea

Mke wangu mkubwa, Bibi Somoe,

Usishtuke kuona nimeandika. Najua uliniacha na elimu ya kubahatisha na mwandiko kama kuku kakimbizwa. Lakini jambo lenyewe siwezi kulisema nimeinama kaburini, watu wakipita watasema Issa kachanganyikiwa. Bora karatasi.

Siku hizi nipo Likombe, naendesha bajaji. Bajaji ya mtu, tabasamu langu. Asubuhi nauza mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, mchana nabeba watu, na akitokea mgeni anataka kutafsiriwa Kimakonde, napiga na hiyo. Ndivyo nilivyowapata hawa wanafunzi. Wamekuja watatu, wapya kabisa, wanasomea masta ya mambo ya magonjwa na damu. Wamepanga nyumba jirani na kwangu, wakanikodi niwazungushe vijijini, kuanzia Madimba mpaka kwetu Kitaya.

Siku ya kwanza walikaa barazani wakajitambulisha. Jina lako, umetokea wapi, unataka kuchunguza nini. Mimi nimeegemea bajaji, masikio yamenisimama.

Akaanza Nasibu, kijana mrefu wa Nachingwea. Kwao wakulima wa korosho. Anataka kujua salfa, ile dawa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho, ikiingia mapafuni inafanya nini. "Baba alikuwa anapuliza bila hata kitambaa mdomoni," akasema. Kisha akarudia polepole, "Alikuwa."

Akafuata Mwanaidi wa Pemba, aliyekuwa nesi. Yeye kifafa cha mimba. Akasema, "Dada yangu..." halafu akaomba maji.

Wa mwisho Tusajigwe, binti wa wachuma chai kule Rungwe. Anachunguza vikohozi. Anataka simu isikilize mtu akikohoa, ijue kama ni kifua kikuu au mafua tu. "Mama alikohoa mwaka mzima," akasema, "sisi tukasema ni baridi ya kwetu."

Bibi, jua lilikuwa limekomaa, saa nne asubuhi. Viti vilikuwa vitatu. Mimi niliona kama pale barazani wapo sita, kila mmoja na wake kasimama nyuma ya kiti, anasikiliza anavyotajwa.

Nasibu akanigeukia. "Na wewe kaka Issa, utafiti wako nini?"

"Mimi nachunguza njaa," nikasema. "Majibu yanatoka saa saba mchana."

Wakacheka. Nikacheka kuwazidi. Lakini lile neno kikohozi lilikuwa limeshaniingia kama mwiba wa samaki.

Unakumbuka walivyokuja Kitaya wale watafiti wa mwanzo, na simu yao? Kila anayekohoa akohoe mara tatu, apewe kipande cha sabuni. Wewe ulikuwa unakohoa tangu mavuno, lakini ulikataa katakata. Ulishaweka kidole gumba kwenye karatasi yao, wino haujakauka, ndipo ukaninong'oneza, "Wakishachukua kikohozi changu watakipeleka wapi? Pumzi yangu hiyo. Mimi nitabaki na nini?" Mimi nikasema usiwe na wasiwasi mke wangu, mumeo nipo. Simu wakaiwasha wakaiweka mezani, wakatoka kupanga foleni ya watu nje. Nikaisogelea, nikakohoa mara tatu, tena kwa madaha. Tukaondoka na sabuni. Tulicheka mpaka ukashika mbavu, ukakohoa kile chako cha kweli, ukashindwa kusimama.

Wiki ile wenye vikohozi vibaya waliitwa hospitali. Wewe hukuitwa. Ungeitwa vipi, wakati walisikiliza mapafu yangu mimi, ng'ombe mzima? Nikakwambia, "Unaona? Simu imesema huna kitu." Ukaniamini. Masika yalipofika ukaanza kutema damu, na masika yenyewe hukuyamaliza.

Basi juzijuzi Tusajigwe akaniita ndani. "Kaka Issa, wewe mtu wa Kitaya, njoo unisaidie." Vikohozi vile vya mwanzo kapewa yeye, vyote vimo kwenye kompyuta yake. Akafungua kimoja, cha pili, cha kumi. Chumba kikajaa watu, Bibi. Huyu kakohoa kama kalamba vumbi, yule kama kafunikwa na blanketi. Wengine nikawatambua, na nikajua tumeshawazika. Wanakohoa tu, kwa zamu, kwa adabu, kama wapo kwenye benchi la zahanati.

"Sasa sikiliza namba arobaini na moja," akasema. "Ni ya mwanamke, bibi mtu mzima. Majibu yanasema hana kitu, halafu nasikia alifariki kwa kifua. Na kuna jambo jingine."

Akanivalisha hedifoni. Nikajisikia mwenyewe. Koh, koh, koh. Kisha kimya kidogo, kuku wanalia nje. Kisha, pembeni, karibu na sikio langu la kushoto:

"Kohoa vizuri, mume wangu, usiwadhulumu sabuni yao."

Wewe, Bibi. Wewe uliyekataa kutoa pumzi yako, kumbe waliondoka nayo vilevile.

"Hapa wameandika sauti ya nyuma ni ya mke," Tusajigwe akasema. "Mbona mwenye namba ni mwanamke? Nadhani namba zimechanganyika. Nikithibitisha, naifuta."

Nikamwambia sijui. Ulimi wangu huu, unaouza mpaka ming'oko iliyolala, ukasema sijui.

Siku tatu nilikuwa natafuta sababu ya kuingia mle ndani. Leo nimewaletea embe, kesho nimekuja kuchaji simu. "Hebu niwekee tena kile cha arobaini na moja, kinanichekesha." Anaweka. Koh, koh, koh, kimya, halafu wewe. Nikaanza kuupima ule ukimya kwa vidole. Mara ya kwanza vidole vinne. Mara ya pili vinne. Mara ya tatu, naapa, wewe uliwahi. Vilikuwa vitatu. Nikavua hedifoni nikatoka nje bila kuaga, nikasahau hata ndala.

Nikiwa kimya, nabaki na sauti yako humo milele. Nikisema, inafutwa. Na nikiwa kimya, ile simu inajifunza kwa uongo wangu. Nikawaza kuna Somoe mwingine huko Madimba, anakohoa, na mjukuu wake mpumbavu anamchekea.

Asubuhi yake niliwakuta barazani na chai na vitumbua. Sikuegemea bajaji. Nilisimama mbele yao nikajitambulisha kama wao.

"Naitwa Issa. Nimetokea Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Elimu yangu darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nachunguza kikohozi cha namba arobaini na moja. Majibu ninayo. Ni changu."

Mwanaidi akaweka kikombe chini. Tusajigwe akauliza polepole, "Na anayesema mume wangu?"

"Ndiye mwenye namba. Bibi yangu, mzaa mama. Mimi ndiye mume."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Mimi nilimwacha mama akohoe mwaka mzima," akasema. "Nikuseme nini?"

Nikamwomba aninakilie yale maneno yako tu, abaki na kikohozi. Akatikisa kichwa. "Kidole alichoweka kilikuwa cha kikohozi, kaka. Maneno hakuyatoa."

Na ni kweli, Bibi. Hukuyatoa.

Akaniwekea mara ya mwisho. Sikupima kwa vidole. Akabonyeza, ikafutika, na mimi nikasema "haya, chukua chako," kwa sauti, kama mtu anayerudisha ufunguo. Nasibu akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Kisha Tusajigwe akasogeza simu mezani. "Sasa kohoa kwa jina lako." Nikakohoa mara tatu, bila madaha. Akaniwekea nisikie. Koh, koh, koh. Halafu kimya. Sote wanne tukainamia ile simu, hakuna aliyemwambia mwenzake tunasubiri nini. Vidole vinne. Vitano. Jogoo akawika huko nje.

Hukusema kitu, mke wangu. Rekodi ikafika mwisho ikajizima.

Wakanipa kipande cha sabuni. Nimeiweka dirishani, bado haijafunguliwa. Kesho nawapeleka Kitaya, na kila bibi nitakayemkuta anakohoa nitakaa pembeni mpaka akohoe mwenyewe. Mdomo nitaufunga, wewe unajua hiyo ni adhabu kubwa kwangu.

Lala na pumzi yako yote.

Mumeo mdogo, mjukuu wako,
Issa