Resori Nimeifunga Minye Mwenyewe

Mama Neema,

Minye niko muzima. Naanza na hiyo, maana najua weye ungeitafuta kwanza. Mukono wangu umezoea ufunguo wa gari kuliko kalamu, basi soma polepole.

Kesho tunapanda Kiringye kwa kaka zako, kumaliza kilio chako, kuondoa matanga. Tunaenda na minibisi yetu. Si ya kukodi, si ya kuomba. Yetu, ile uliyopandia na samaki, zile ndagala za Kalundu, mpaka soko ya Kamanyola miaka yote ile, ukinigombeza njia nzima.

Neema alikataa. Tangu uende, binti yako amejifanya mkubwa wa nyumba. Alipoona gari imelala nyuma kama bata mugonjwa, resori, ile springi ya nyuma, imevunjika, akasema: "Papa, tutafute gari ingine. Weye uko mzee, huingii tena chini ya gari." Nikamwambia mzee ni gari. Minye niliyefungua injini ya kamyo katikati ya barabara ya Sange, mvua inanyesha, bantu wakanipigia makofi! Haya, makofi yalikuwa yako peke yako. Lakini yalipigwa.

Niende kwa bashemeji wangu nimekaa nyuma ya gari ya muntu kama mufuko wa muhogo? Siku ya kilio cha bibi yangu? Hapana. Hapana kabisa.

Basi juzi Neema alipotoka kwenda kuchota maji, nikachukua kriki ya kuinulia gari.

Sasa sikiliza, na usianze kucheka. Unakumbuka ziwa lilivyopanda likaingia kiwanjani, likabomoa jiko lako. Liliposhuka lilituachia mchanga. Juu inaonekana ngumu, chini ni uji. Nikaweka kriki palepale juu ya mchanga, nikapandisha gari, nikatoa gurudumu. Na chini ya shasi nikapanga matofali. Ndiyo, yale ya jiko lako, ambayo baba yako aliyafyatua na kuyachoma kwa mikono yake. Nilijiambia, matofali ya mukwe wangu, nani atayatilia mashaka?

Weye uliyatilia mashaka. Miaka yote. Ulikuwa unasimama pale mikono kiunoni: "Minye nimezaliwa kwenye tanuru, Papa Neema. Tofali inapasuka bila kupiga hodi. Tafuta miti!" Na minye nikikujibu kwamba baba yako alikuwa fundi, weye unasema: "Unamwamini baba kuliko minye? Basi ungemuoa yeye."

Nikaingia chini. Nikalegeza buluni ya kwanza, zile bolti zinazoshika resori. Ya pili ilitaka ufunguo namba kumi na saba, nikanyoosha mukono nje kama kawaida.

Mukono ulibaki hewani, Mama Neema. Sijui muda gani. Hakuna muntu aliyeweka kitu ndani yake.

Nikatukana, nikatambaa nje, nikaenda nyumba kuutafuta. Nilikuwa mlangoni ninarudi, ufunguo mukononi, nikaona kriki inazama taratibu kama muntu anayepiga magoti kanisani. Matofali yakalia mara moja tu. Gari ikakaa chini, pale kifua changu kilipokuwa.

Kama ungekuwepo kunipa ule ufunguo, leo minye ndiye ningekuwa chini ya udongo. Nimeifikiria hiyo siku mbili. Kwa mara ya kwanza kutokuwepo kwako kumenifaa kitu, na nimekasirika sana. Sikutaka kufaidika hata kidogo na kufa kwako.

Neema alisikia mushindo akiwa njiani. Akatupa bidoni ya maji, akaja mbio, akapiga magoti mbele ya gari akitafuta miguu yangu. "Papa! Papa wee!" Minye nimesimama nyuma yake. Nikamuuliza, "Unatafuta nani?" Alinipiga na kitenge chake, Mama Neema. Alinipiga kichwa, mabega, akilia. Binti niliyemlea! Halafu akachomoa kriki mchangani, akakaa juu yake akasema hatasimama mpaka gari iuzwe.

Alikaa mpaka jua likampata. Minye sikubishana, nilikwenda Kalundu. Kule wanaotengeneza mitumbwi wananijua, nani hanijui? Wakanipa vipande vya mbao vinene na ubao mumoja mupana kama meza. Nikarudi navyo kwa mukokoteni.

Nikamwambia Neema: angalia kwanza, halafu ukatae. Nikainua gari kwa kriki juu ya ule ubao, nikarudisha gurudumu, nikasogeza gari mahali pa udongo mugumu. Gia nikaiweka vitesi ya kwanza, freni ya mukono juu. Magurudumu ya mbele nikayakaza kwa kabari za miti, mbele na nyuma. Buluni za gurudumu nikazilegeza gari ikiwa bado imekaa chini. Ule ubao mupana chini ya kriki. Nikapandisha, nikapanga mbao chini ya shasi, mbili hivi, mbili vile, pande zote mbili, halafu nikashusha gari ikakaa juu ya miti, si juu ya kriki. Gurudumu nililotoa nalo nikalilaza chini ya shasi. Halafu nikamwambia: sukuma.

Alisukuma kwa hasira yake yote. Na hasira yake unaijua, ni yako. Gari haikutikisika.

Akasema, "Ingia. Lakini ninakaa hapa." Kila buluni niliyoomba alinipa namba isiyo yake. Nilimwambia mama yako alijua namba zote kwa kugusa. Akanijibu, "Basi nifundishe, Papa, badala ya kunitukana." Nikamfundisha. Jioni resori mupya imefungwa, gari imesimama sawa.

Kesho kaka zako watanipa neno, na bafyatuaji wote wa matofali wa kijiji watakuwepo. Nakuahidi nitasimama nitasema kwa sauti: Mama Neema alijua matofali kuliko mumewe, na mumewe alikuwa mubishi bure. Halafu nitasema pia kwamba resori nilifunga minye mwenyewe, na mwenye kubisha akaangalie.

Chini ya gari nitaingia tena. Usinikataze. Nitaingia na miti, na Neema, mpaka magoti yakatae.

Lala salama, bibi yangu. Usinitengee nafasi bado, niko na kazi.

Papa Neema