Kadi ya Mama Plamedi

Jumatatu, 2 Juni

Somo la bahasha tena. Wake wa askari kumi na sita kwenye ukumbi wa kapela, kikanisa chetu, watoto mgongoni. Bahasha ya chakula, ya shule, ya ugonjwa, ya akiba. Mimi mwenyewe nilifundishwa siku tatu tu, nikapewa kalamu na daftari, basi nimekuwa profesa. Nikamalizia na lile la kila wiki: kadi ya benki ya bwana usiiweke rehani kwa mtu yeyote, hata awe ndugu. Wakapiga makofi.

Kadi ya bwana wangu iko kwa mkopeshaji, Papa Lusie, tangu Februari.

Jumatano, 4 Juni

Mshahara umeingia. Papa Lusie ana rundo la kadi za askari, amezifunga kwa mpira, na kila moja amebandika plasta yenye namba yake ya siri. Anatoa pesa mwenyewe, anakata chake, kinachobaki anatupa sisi. Nilisubiri nyuma ya duka lake, kitambaa kimeshuka hadi machoni. Nilichopata hakifiki wiki mbili.

Niandike mara moja, nisijidanganye. Haukuwa ugonjwa. Haikuwa shule. Ilikuwa kitenge cha maandamano ya wanawake ya Machi, na mshonaji, na mbuzi wa wageni. Mama prezida wa kikundi cha wake wa askari angeandamanaje na kitenge cha mwaka jana? Mjinga mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Baba Gloire, bwana wangu, amepiga simu kutoka kituoni kwake Fataki. Amepewa ruhusa, atafika Ijumaa. Alikuwa anacheka kama kijana. Anasema niiweke kadi tayari, kuna pesa kidogo amejinyima huko, ataongeza juu ya akiba yetu tununue mabati.

Akiba gani? Nikasema sawa, njoo salama. Sauti yangu ilikuwa tamu kabisa. Naichukia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeenda kumwomba Papa Lusie. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alinivutia kiti.

"Mama prezida, niletee kadi ingine. Ile itabeba deni ya mwenyewe na yako. Weye unarudi na yako leo leo."

Nikamwambia mimi si mtu wa namna hiyo. Nikatoka kwa hasira. Njiani nilijikuta napitia majina ya wanawake, mmoja mmoja.

Jumanne, 10 Juni

Mama Plamedi amekuja asubuhi. Ni mdogo bado, mume wake yuko kazini Nizi, hapa Bunia hana mtu. Mtoto ana malaria, hospitali wanataka pesa kwanza ndipo wamwongezee damu.

"Mama, siye tunafwataka ile weye unasema. Nifanye je?"

Kikundi chetu kina sanduku la makufuli matatu. Ndani mna pesa ya dharura, iliyochangwa kwa ajili ya siku kama hii. Ufunguo mmoja ninao mimi. Kuwaita wenzangu wawili wenye funguo nyingine kungechukua nusu saa.

Nilimwambia namjua mtu.

Nikamsindikiza hadi kwa Papa Lusie. Nikamshika mkono.

Jumatano, 11 Juni

Mtoto amepata damu. Mimi nimepata kadi. Plasta nimeibandua, gundi yake haitoki hata kwa mafuta ya taa. Mama Plamedi hajui kuwa kadi yake imebeba madeni mawili. Jioni ameniletea sombe, majani ya muhogo, kunishukuru. Watoto wamekula. Sehemu yangu nimewagawia wao.

Ijumaa, 13 Juni

Amefika. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Dada yake amekuja kumsalimia kutoka Mbunya, na mbele yake bwana akanisifu kwa kutunza pesa: "Muke wangu anajua kuchunga makuta." Kisha akaigeuza kadi, akauliza hiyo gundi ni ya nini. Nikasema watoto walikuwa wanachezea. Hata watoto nimewasingizia.

Jumatatu, 16 Juni

Kikundi. Nilikuwa nimeshika bahasha. Mama Plamedi akasimama kabla yangu, mtoto kifuani, akawaambia wote kwamba mama prezida amemwokolea mtoto. Makofi. Mmoja akapiga vigelegele.

Nikasema kichwa kinaniuma, nikakimbia nyumbani. Baba Gloire alikuwa anapiga pasi shati la kwenda benki. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Kitenge. Mbuzi. Papa Lusie. Mama Plamedi.

Nilingoja anipige kofi. Aliweka pasi pembeni, akauliza jambo moja tu.

"Mu sanduku makuta ilikuwa?"

"Ilikuwa."

Akaketi. Shati bado liko mezani.

Jumanne, 17 Juni

Tumekwenda wote wawili. Deni la Mama Plamedi amelilipa kwa pesa aliyojinyima Fataki. Ya mabati. Deni letu amekubali libaki, kadi yetu imerudi ndani ya mpira. Amepatana na Papa Lusie kwamba kinachobaki kila mwezi kitakuwa kinapelekwa kwa dada yake, si kwangu. Alilisema hilo mbele yangu bila kuniangalia.

Kisha kwa Mama Plamedi. Yeye akabaki nje, mimi nikaingia, nikamrudishia kadi, nikamwambia yote. Alilia kidogo. Macho yalikuwa kwa mtoto muda wote. Jioni nikawapelekea wanawake ufunguo wangu wa sanduku, nikawaeleza na wao. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenibembeleza pia.

Jumamosi, 5 Julai

Baba Gloire alirudi Fataki tangu siku nyingi. Akipiga simu anaongea na watoto.

Asubuhi nilikwenda Mbunya kwa wifi kuchukua pesa ya unga. Alinipa chai, akanipa pesa, hakuuliza chochote. Heri angeuliza. Nikarudi kwa miguu.

Nilipopita kwa Mama Plamedi akaniita. Nilifikiri amekosea mtu. Alikuwa ameketi mlangoni na bahasha nne, anataka nimwonyeshe tena ya ugonjwa inawekwa kiasi gani. Mtoto amelala. Kadi ilikuwa juu ya mkeka, karibu na goti lake.

Nilimwambia aingie ndani aifiche kwanza. Nikageuka upande wa barabara, nisione anaiweka wapi.