Usizifue Foronya Hizi

Kwa Koplo wa moyo wangu,

Sisi huku wazima, na nyumba bado imesimama. Binti yako amejipandisha cheo. Kila asubuhi ananipanga mstarini na mdogo wake, anatukagua kucha, na juzi mimi, fundi cherehani mzima, nilirudishwa ndani kwa kukosa kifungo! Mdogo wake alicheka mpaka akamwaga chai.

Ila nimeharibu jambo. Jumamosi nilifua kila kitu, pamoja na ile foronya yako ambayo huyu mdogo hulala ameikumbatia. Alipoinusa akaangua kilio: "Baba, umemfua mama!"

Nikaipaka mafuta yako ya nywele. Akanusa tena, akanirudishia. "Haya ni mafuta tu."

Dada yake ndiye aliyetoa amri: "Mama alalie nyingine huko kambini, halafu atutumie."

Basi kwenye kifurushi hiki utakuta foronya mpya, nimezishona mwenyewe. Zilalie zote, usizifue, kisha uzirudishe upesi.

Ziko tatu. Najua watoto tunao wawili. Usinicheke.

Ni mimi,
kuruta wako wa jikoni