Noti Yenye Mukia

Laeken, 4 mars

Yaya Élisée, mukubwa wangu,

Natumaini umelala muzuri kule hospitali ya Woluwe na kidonda ya shingo inakauka. Huku tuko. Maman anakuombea hata ndani ya tram.

Yaya, Madame Rolande wa korali amenipa sehemu yako ya tenor, ya kuimba kwa misa ya dimanche kule Koekelberg. Eti sauti yangu ni nzito ya kutosha. Lakini ile karatasi ya noti za zamani inanitesa! Carré, ile noti ya pembe ine, ni ile ile, mara ni mapigo tatu, mara ni mbili. Jana nilipotea. Josias akasema: "Sisi tumefika Roma, Mignonne angali anangoja train kwa Gare du Midi." Wakacheka.

Bon, nikuambie yote. Naogopa kukosea, lakini naogopa zaidi kuimba muzuri. Nikiimba muzuri, hawatakungoja tena.

Mudogo wako, Mignonne

Woluwe, 5 mars

Mudogo wangu,

Pole na woga. Tangu operesheni docteur amenikataza kusema. Maman anafaidika, anasema peke yake.

Usiangalie carré, angalia kinachofuata. Ikifuatwa na losange moja tu, ile noti ya umbo ya almasi, inaigawia pigo moja, yenyewe inabaki na mbili. Ile ya mwisho, yenye mukia, usiihesabu. Ishike mpaka wengine wote wafike.

Sauti yangu, docteur hajui itarudi lini. Imba tu.

Yaya yako

Laeken, 8 mars

Yaya,

Koo imeamukaje? Tumeimba. Carré moja ilinishinda, Océane, wa pembeni yangu, akanikanyaga muguu nirudi. Kisha ile yenye mukia: nikaishika, sauti zao zingali zinapanda na kushuka juu yangu, pumzi inaisha. Nikaiba pumzi kidogo. Wakafika.

Nje, Madame akaniuliza kama nitabaki na tenor mpaka Pasaka. Nikajibu oui. Sikukuuliza kwanza. Jibu, hata kwa hasira.

Mignonne

Laeken, 13 mars

Yaya,

Maman anasema unakula, unamuandikia infirmière anayekutunza utani. Mimi, hakuna kitu. Naweza kumurudishia Madame ile sehemu. Sema tu.

Mudogo wako

Woluwe, 16 mars

Mignonne,

Afya inarudi polepole. Nilikuwa na hasira, ndiyo maana nilinyamaza. Ile dimanche, saa yenu ya kuimba, niliimba tenor yote ndani ya kichwa. Nikafika mwisho, hakuna muntu juu yangu.

Leo docteur amenisemesha. Imetoka sauti ya kiti kinachokokotwa. Labda itabaki hivyo.

Usimurudishie Madame kitu. Njoo siku ya samedi, bila machungwa ya wagonjwa. Uniimbie sehemu yako.

Yaya