Wairimu na Kwarara wa Mpungani

Ijumaa, 5 Septemba
Nimetoka zamu, miguu imevimba. Nimepanga sanduku bila kulala. Unga, majani ya chai, pilipili. Siwezi kwenda kwa mwanangu mikono mitupu, hata kama naenda kumrudisha.
Chuo kimemshikia Wairimu nafasi ya unesi mpaka mwisho wa mwezi. Alikwenda Uhispania likizo, kujitolea kwenye hifadhi ya pwani. Sasa anasema habanduki. Anahesabu ndege! Nimebadilisha wazee nepi miaka yote hii ili mtoto wangu ahesabu ndege.
Teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Dulles iko chini. Mungu anipe uvumilivu, au usingizi.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimefika. Jua, chumvi, mbu. Nilitarajia msitu. Hifadhi yenyewe ni mashamba ya mpunga mpaka ufukweni. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wamejaa kwenye maji ya chumvi. Nikamwambia hao wako Nakuru kwetu Kenya, angehesabu wale. Hakucheka.
Amekonda. Ameungua na jua. Anatembea haraka, jambo ambalo nyumbani Marekani halikuwapo. Chuo sijakigusia. Nimechoka mno kugombana.

Jumapili, 7 Septemba
Nimeharibu.
Tulikuwa kwenye tuta la shamba, Wairimu mbele na darubini. Mpunga umeiva, umeinama. Mara kundi la kwarara, weusi, midomo imepinda, likashuka katikati ya shamba. Mimi nimekulia Mwea, kwenye mpunga. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza shambani, na wakila mpunga, jioni nachapwa mimi. Sikufikiri. Nikaokota madongo, nikarusha, nikapiga mayowe na kupunga leso. Wakaruka wote. Na wa mashamba ya jirani wakaruka.
"Mum, stop! Hao ndio nawacount!"
Alikuwa amewangoja tangu alfajiri. Kumbe kwarara hawagusi hata mpunga, wanatafuta kamba wa kula matopeni. Msimamizi wake akaja, akamsema mbele yangu. Mwanangu akasimama pale akisemwa kwa kosa langu, hakunitaja. Nikaliangusha dongo lililobaki mkononi.
Na bado nikaropoka la chuo, papo hapo. Nikamwambia arudi. Akasema no. Basi.

Jumatatu, 8 Septemba
Hatusemezani. Nimesonga ugali. Amekula wote, akaosha sahani, akaondoka na darubini.
Nina hasira. Najionea huruma pia.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemfuata bila kuitwa. Nikakaa kwenye tuta, mikono nimeikalia. Kwarara walirudi. Wairimu akahesabu kwa kunong'ona, muda mrefu, hata mbu hakumfukuza. Sijawahi kumwona ametulia hivyo. Si kanisani, si darasani, si kwangu.
Nikamwambia nitawapigia chuo, wampe mwingine nafasi. Imeniuma kusema. Akaniegemea begani, jicho kwenye darubini.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimerudi Silver Spring. Mvua. Chuo nimekipigia kabla ya zamu, yamekwisha.
Kazini nimemgeuza bibi wa chumba cha kona, peke yangu, maana mwenzangu hakuja. Mgongo ukanikata, nikashika ukuta. Nikawaza: maumivu haya Wairimu hatayajua. Nimefurahi. Nimeshangaa kufurahi.
Nimemfunika bibi miguu, nikaenda chumba kinachofuata.